Mpira Ambao Tate Hakuwa Nao

Liebenfeld, Kansas
Jumatano, 12 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Ardith,

Nakusalimu wewe na shemeji Curtis, nikiamini baridi ya Anchorage haijawafungia ndani bado. Sisi huku tu wazima kwa kiasi ambacho Novemba inaruhusu. Upepo haujapumzika tangu Ijumaa, na bati moja la ghala la ngano limeng'oka likatua kwenye uwanja wa kanisa bila kumgusa mtu. Mama anaendelea vizuri na nyonga yake mpya. Anatembea mpaka chumba cha chakula bila fimbo, na Jumapili alimshinda mchungaji karata mara mbili, akamwambia ashukuru Mungu kwamba ana kazi nyingine. Anakusalimu, na anauliza kama ile sweta ya kijani ilikutosha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza maswali, nami ningejibu yale uliyouliza tu. Ndiyo kazi yangu gazetini, naijua mbinu hiyo. Hapa sina pa kujificha. Neno lenyewe ni hili: sitaki mwanao Tate acheze Jumamosi, na nimeshindwa kumzuia. Posta wameniahidi kwamba barua hii itakufikia Ijumaa asubuhi. Mechi ni Jumamosi saa saba mchana.

Hukuwahi kuupenda mchezo huu, futiboli ya Kimarekani. Ulikuwa unakuja uwanjani kwa ajili ya bendi na ile mikate ya nyama na kabichi, ukiondoka wakati wa mapumziko. Kwa hiyo nitaeleza kama ninavyomweleza msomaji wa mara ya kwanza, uvumilie.

Kocha Harlan Kuhn wa timu ya chuo ana njia moja ya kushambulia, nayo ni kukimbia. Timu nyingine hurusha mpira mara thelathini kwa mechi. Yeye huurusha mara nne, na mara mbili kati ya hizo huonekana kama amejuta. Wazee wa kahawa pale kwenye duka la mbegu husema Kuhn akirusha mpira, mchungaji huangalia juu akidhani ni ishara. Mwenyewe ukimuuliza anakujibu kwamba chuo chetu hakina fedha za kuwapata vijana wa kurusha na kudaka, na kwamba hapa upepo unachukua hata kofia, sasa utauachia mpira? Kwa hiyo anakwenda ardhini, yadi tatu, yadi nne, zamu baada ya zamu, mpaka wapinzani wachoke kuinama. Ameshinda hivyo kwa miaka ishirini na tisa, na yote nimeiandika mimi.

Tate ndiye mkimbiaji wa kati. Kila zamu mgawaji, yule anayeanzisha mchezo, anauchukua mpira na kuusukuma tumboni mwa Tate, ambaye tayari yuko mbioni kuelekea katikati ya ukuta wa wapinzani. Kwa nusu sekunde wote wawili wameushika. Mgawaji anamtazama mpinzani mmoja wa pembeni. Mpinzani huyo akisita, Tate anaachiwa mpira. Akimrukia Tate, mgawaji anauchomoa na kukimbia nao mwenyewe upande wa nje. Tate hajui ni lipi mpaka limeshatokea. Na akichomolewa, hasimami. Anafunga mikono tumboni, anainamisha kichwa na kuingia ukutani kana kwamba anao, ili watu watatu wenye kilo mia na thelathini kila mmoja wamwangushe yeye badala ya mwenye mpira.

Hapo ndipo falsafa yote ya Kuhn ilipo. Wenyewe wanaita “kukimbia kweli”. Kila siku mazoezini utamsikia akipiga kelele kwa wakimbiaji wake: “Kimbia kweli! Ukijua huna mpira, mabega yako yatasema. Usijue!” Mkimbiaji wa kati hukatazwa kufungua mikono baada ya kuanguka. Anaamka nayo imefungwa, anarudi kwa wenzake nayo imefungwa, ndipo anaachia. Kuna mmoja wa zamani aliyekwenda na mikono imefungwa mpaka benchi akanyweshwa maji na mwenzake. Ni mzaha wa timu, na ni sheria vilevile.

Septemba uliniuliza Tate anapigwa mara ngapi kwa mechi. Nilikujibu mara kumi na tatu, labda kumi na nne, ukasema afadhali. Hiyo ilikuwa takwimu sahihi ya kitu ambacho hukuuliza. Ni idadi ya mara alizobeba mpira, kwa sababu ndizo zinazohesabiwa na ndizo ninazochapisha. Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi nilikaa kwenye chumba cha video cha timu nikahesabu nyingine. Katika mechi kumi Tate amebeba mpira mara mia moja thelathini na nne. Ameingia ukutani bila mpira mara mia tatu thelathini na sita. Hakuna gazeti lenye safu ya hizo za pili. Hata langu.

Sasa nije kwenye tarehe 25 Oktoba, mechi dhidi ya timu ya Marlow. Unaikumbuka kwa sababu ya makala yangu. Uliniambia umeibandika kwenye friji, na Curtis aliwasomea wenzake kazini. Niliandika kwamba katika robo ya tatu Tate alikimbia bila mpira, akaangushwa, akaamka na mikono imefungwa, akatembea moja kwa moja mpaka kwa mwamuzi na kumkabidhi mpira ambao hakuwa nao. Mwamuzi akanyoosha mikono akaupokea. Jukwaa likaangua kicheko, bendi ikapiga ngoma, na baada ya mechi Kuhn alisema hajawahi kuona mtu akikimbia kweli kiasi kile. Niliandika aya nne. Watu walinisimamisha dukani kunipongeza. Mzee mmoja wa duka la mbegu mpaka leo akinunua kahawa ananyoosha mkono mtupu na kumwambia mwenye duka, “Pesa yako hiyo, kimbia nayo kweli.”

Jumapili ya wiki iliyofuata, tarehe 2 Novemba, Tate alikuja kula mchana kwangu kama kawaida. Alivaa miwani ya jua mezani. Nilipomuuliza alisema upepo umemwingiza vumbi. Tulipokuwa tunakula viazi akauliza Mama atafanyiwa lini ile operesheni ya nyonga. Ardith, yeye ndiye aliyemrudisha Mama kutoka hospitali, kwa gari langu, akiwa amemwekea mto na kuendesha polepole mpaka watu wakampigia honi. Nikamwambia operesheni ilishafanyika. Akacheka, akasema, “Najua, Mjomba, nakutania tu.” Baada ya dakika ishirini akaniuliza tena.

Sikufanya chochote wiki ile. Naandika kama ilivyokuwa. Tarehe 8 alicheza, akaingia ukutani mara arobaini na tisa. Tarehe 9 alikuja kula, akanipa gazeti na kuniomba nimsomee habari yake mwenyewe. Alisema ni uvivu. Mtoto huyu alikuwa akisoma gazeti langu juu chini, mezani, kabla sijaligeuza.

Jumatatu nilikwenda kwa Marcy Lindgren, mtabibu wa timu. Ni mwanamke makini, hana mzaha na kazi yake. Alimwita Tate mchana uleule akampa mtihani wao wa kompyuta: maneno ya kukumbuka, maumbo, kubonyeza haraka ukiona rangi. Matokeo hulinganishwa na ya mtihani aliofanya Agosti kabla ya msimu, akiwa mzima. Tate alipata alama za juu kuliko za Agosti. Kwa karatasi, ubongo wake umeimarika kwa kugongwa.

Marcy anaijua siri, na mimi naijua, na huenda hata wewe umeshaikisia. Wachezaji hujifelisha Agosti. Wakubwa huwafundisha wadogo: sahau maneno mawili, bonyeza kwa kuchelewa, ili siku utakayopigwa vibaya uonekane hukupungua. Nimelisikia chumbani kwao miaka mingi, nikacheka nao, sikuliandika hata mara moja. Nilimuuliza Marcy kwa nini asiitupe karatasi hiyo. Akanijibu kwamba akimzuia Tate kwa sababu hiyo itabidi awazuie arobaini, na hana ushahidi hata wa mmoja. Kisha akaniambia jambo lingine ambalo nitalifikia. Naona nalizunguka.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Kuhn. Alikuwa peke yake ofisini na video imesimamishwa ukutani. Nilimwambia nilichokiona mezani kwangu, na nikampa hesabu ya mia tatu thelathini na sita. Hakukasirika. Akaniambia, “Lowell, umenifuata miaka ishirini na tisa, leo ndiyo unagundua watu wanagongana?” Nikamwambia leo ndiyo nimehesabu. Akampigia Marcy mbele yangu, akasikiliza, akaweka simu chini. Akasema karatasi inasema mzima na kijana anasema mzima, sasa amtoe kwa sababu gani? Kwa sababu alimpa mwamuzi mpira wa hewa? Nikamwambia ndiyo, hasa kwa sababu hiyo.

Akasema, “Hilo nilimfundisha mimi.”

Akageukia picha iliyosimama ukutani. Kisha akalirudia, “Nilimfundisha mimi,” lakini sauti haikuwa ileile. Nilidhani anakuja upande wangu. Nikamuuliza kama hawezi kumweka mwingine Jumamosi. Akasema aliyepo ni wa mwaka wa kwanza, anauogopa ukuta, na anayeuogopa ukuta huinua kichwa, na anayeinua kichwa ndiye anayevunjika shingo. “Nikuchagulie yupi, Lowell? Wa mama huyu au wa mama yule?” Akaiwasha video. Nilipofika mlangoni aliniuliza kama nimeshapata kahawa.

Mchana nilimkuta Tate kwenye chumba cha mashine za kufulia karibu na bweni lake. Miwani usoni, taa za juu yake amezizima mwenyewe. Tulikaa garini mwangu. Nilimwambia najua hasomi. Akasema anasoma. Nikampa risiti ya petroli asome. Akaitazama, akanirudishia, akasema, “Mjomba, usinifanyie mitihani, nimeshafaulu mmoja jana.” Nikamwambia kuhusu Agosti. Akacheka kabisa, kicheko chake kile cha utotoni. “Agosti kila mtu anakuwa mjinga, Mjomba. Ndiyo maana tunaiita Agosti.” Nikamuuliza kichwa kinauma kiasi gani. Akasema kinauma kama kelele ya chumba cha pili: ukizoea unalala. Akasema ni mechi moja tu, dakika sitini, baada ya hapo hatagongwa tena na mtu maisha yake yote. Alisema kwa upole, kama anayenibembeleza mimi. Nikamwambia nitakueleza wewe. Hapo akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu na yalikuwa yanahangaika kunitafuta mimi niliye mbele yake. Akasema, “Utamweleza nini? Hata wewe hukuona kitu. Ulisema mwenyewe.”

Anasema kweli, na hili ndilo nililokuwa nalizunguka.

Siku ile ya Marlow nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa pembeni, hatua saba kutoka alipoangukia. Marcy alikuwa amepiga magoti kwa kijana mwingine aliyeteguka kifundo, amegeuza mgongo. Niliona goti la mpinzani likimpata Tate chini ya sikio. Nilimwona akiamka. Nilimwona akienda kwa mwamuzi. Jukwaani waliona mgongo wake. Mimi nilimwona usoni. Mwamuzi alipojifanya kuupokea mpira na kuondoka akicheka, Tate aliitazama mikono yake, akaifungua. Kisha akaangalia chini kwenye nyasi. Akageuka huku, akageuka huku. Alikuwa anautafuta.

Marcy aliinuka akaja mbio kwa sababu ya zile kelele. Kanuni yao inasema kama kuna mtu aliyekuwa karibu akaona kichwa kimegongwa, au akaona mchezaji hajui alipo, mchezaji huyo anakaa nje mpaka amwone daktari. Hakuna mtihani, hakuna kubishana. Marcy akaniuliza, “Lowell, wewe ulikuwa hapahapa. Kagongwa kichwani?” Tate alikuwa nyuma yake, ananitazama.

Nikasema, “Sikuona. Nilikuwa naandika.”

Nilikuwa naandika kweli. Daftari ninalo hapa mezani. Zamu ya arobaini na moja: “Tate, bila mpira, yadi tatu. Goti kichwani. Hajui alipo.” Wino ni uleule, mstari ni uleule na zamu zilizotangulia. Nilikuwa nimeshaweka nukta Marcy aliponiuliza.

Utataka kujua sababu. Nimeitafuta siku kumi na nane na sijapata inayostahili kuitwa hivyo. Sikutishwa na sikuahidiwa. Timu ilikuwa mbele kwa pointi tatu. Tate alitikisa kichwa kidogo sana, labda aliniomba, labda kilikuwa kinamzunguka. Kicheko kilikuwa bado jukwaani, na nilikuwa tayari nimeshaiona makala. Nilisema haraka, jinsi mtu anavyosema hapana akiulizwa kama amechoka. Marcy akaandika kwenye fomu yake, nikatia sahihi, akamtazama Tate macho, akamuuliza siku na mahali, Tate akajibu kutoka kwenye ubao wa matokeo nyuma yake, akarudishwa. Aliingia ukutani mara kumi na moja zaidi mchana ule. Hizo pia nimeziandika.

Jumatatu nilipompelekea Marcy daftari alilisoma mstari ule, akausoma tena, akalifunga. Akafungua kabati akanitolea fomu ya tarehe 25. Chini pameandikwa kwamba shahidi wa karibu, mwandishi wa gazeti na ndugu wa mchezaji, hakuona kichwa kikigongwa. Sahihi yangu ipo. Akaniambia, “Ungenipa hili siku ile, ningemkalisha mwenyewe kwa mikono yangu. Leo nina neno lako dhidi ya neno lako, na mtihani uko upande wa lile la kwanza.” Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alipeleka nakala ya ukurasa kwa daktari wa chuo; daktari akajibu jioni kwamba siku kumi na sita zimepita, mchezaji hana malalamiko, alama ni nzuri.

Mhariri wangu amekataa kuuchapisha ukurasa huo pia. Tate ana miaka ishirini na miwili, anakanusha, na shahidi pekee ameshajipinga kwa maandishi. Nami ningeukataa.

Wewe na Curtis hamna sahihi ya kumzuia, na mimi vilevile. Kocha hana sababu, mtabibu hana ushahidi, kijana hana nia. Simu zangu hapokei tangu jana. Zako anapokea.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikupanga kukuandikia. Jumamosi ni siku ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho. Kila mmoja anasindikizwa na mzazi wake mpaka katikati ya uwanja kabla ya mechi, jina linatangazwa, watu wanapiga makofi. Kwa kuwa ninyi hamkupata ndege, Tate alikuwa ameniandikisha mimi. Jana alipokuwa anashuka garini nikamuuliza kama bado ananitaka. Akafikiri. Akasema, “Njoo, Mjomba. Lakini usiseme kitu.” Kwa hiyo saa saba kasoro robo nitamshika mkono, nimpeleke mpaka kwenye mstari wa katikati, na taratibu inasema mzazi ndiye anayegeuka na kutoka.

Mama hajui lolote, nakuomba umwache hivyo kwa sasa. Msalimie Curtis, najua alimpenda Kuhn, asimchukie kabla hajanichukia mimi. Hasira zako zote nitazipokea, kwa simu au kwa barua, na sitajitetea. Lakini ukimaliza kusoma hapa, mpigie yeye kwanza. Usimuulize kama mzima, atakujibu mzima. Mwambie akusomee kitu.

Kaka yako,
Lowell